Kilo za Mboje

Mwanangu Mboje hakuwahi kukonda. Nalisema hilo mwanzo kabisa ili mtu yeyote asije akanisimulia habari nyingine. Alikuwa na miezi kumi, mashavu yamejaa, mapaja yana mikunjo ambayo ilibidi niikunjue na kuipaka mafuta ndani nikimwogesha, na nikimfunga mgongoni kwenda kisimani nilifika kiuno kinauma. Mtoto aliyekonda haumizi kiuno cha mtu.

Kijiji chetu kiko nyuma ya Ngulyati, kwenye zile mbuga nyeusi ambazo mvua ikinyesha hata baiskeli inabebwa begani. Hatukuwa na zahanati. Nesi alikuja mara moja kwa mwezi, akafanya kliniki kwenye baraza la ghala la ushirika. Alitundika mzani wake kwenye boriti, mzani wenye kikaptula cha kitambaa. Unamvisha mtoto, unamwachia, ananing'inia pale akilia kama anachinjwa. Nesi anausoma mshale, anaweka nukta kwenye kadi. Kadi zile zilikuwa na rangi. Kijani maana yake mtoto yuko salama, kijivu aangaliwe, nyekundu ni hatari. Nukta za Mboje zilipanda kwenye kijani tangu alipozaliwa, kama zilivyopanda za dada yake Winnie kabla yake. Kulea watoto najua, na sitaona haya kulisema.

Basi mwaka ule serikali ikaruhusu watu binafsi kununua pamba. Ushirika wetu ulikuwa hoi siku nyingi. Ulikuwa ukichukua pamba za watu msimu huu na kuwalipa msimu mwingine, tena kwa kubembelezwa. Ukakodisha ghala kwa kampuni moja kutoka mbali, na kampuni ikamleta wakala wake, Marcelo. Alikuwa kijana nadhifu, mwepesi wa kusalimia. Alijifunza Kisukuma cha kutosha kumwambia kila bibi "mwadila mayu" mchana, na mabibi wakampenda. Watoto aliwapa pipi. Zaidi ya yote alilipa papo hapo, na watu waliozoea kungojeshwa hawamchunguzi anayelipa papo hapo. Mume wangu Elia alimpenda kuliko ndugu zake wa damu. Jina la Marcelo lilitajwa nyumbani kwangu kila tulipokula.

Msimu wa kununua ulikuwa umeanza, ndipo mzani wa kliniki ukaanguka kutoka kwenye baiskeli ya nesi, springi ikakatika. Nesi Elizabeth akaambiwa asubiri mwingine. Marcelo aliposikia akasema hakuna haja ya kusubiri, mzani wake wa pamba upo, uko palepale ghalani, na watoto ni wetu sote. Wanaume waliokuwa wamekaa juu ya magunia yao wakampigia makofi. Nesi akafunga kikaptula chake kwenye ndoano iliyokuwa ikining'iniza pamba, kliniki ikaendelea. Mimi pia nilipiga makofi. Nilimwona ni mtu mwema.

Zamu yangu ikafika. Nesi akasoma mara ya kwanza. Akamtuliza Mboje asicheze, akasoma tena. Kisha akaniuliza nimemfanya nini mtoto.

Nikamwambia sijamfanya kitu, anakula, ananyonya, anatambaa hadi jikoni kula mkaa. Akaniambia mwezi uliopita alikuwa na kilo nane na leo ana sita. Nikamwambia amtazame basi. Na kweli alimtazama. Alilishika paja lake, likajaa kiganjani. Halafu akasema huenda ni kuvimba, si kunenepa, na akaandika alichosema mzani. Nukta ya Mboje ikaanguka kutoka kijani hadi nyekundu. Mwanamke mwenye macho mawili, aliyesomea kazi hiyo, alikuwa na mtoto mikononi na akaamini chuma. Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Lakini nilikuwa na hofu pia, maana nesi ni nesi, na mimi nimeishia darasa la saba. Nikaikunja kadi, nikaichomeka kwenye upindo wa kanga, nikaondoka bila kumtazama mtu.

Nyumbani kulikuwa na mama mkwe wangu. Kwao ni Kiloleli, alikuja kusaidia kuchuma pamba, na akaona kwamba nyumba yangu inahitaji usimamizi. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, hasomi, ila rangi anazijua. Aliichukua kadi, akaiona nukta iko wapi, akaketi chini na kunyoosha miguu kama aliyepata habari ya msiba. Kisha akasema mtoto amebemendwa.

Neno hilo mwanamke anayenyonyesha hapendi hata kulisikia likisemwa nyumba ya jirani. Maana yake ni kwamba una mwanamume nje. Unatoka kwake, unakuja kumshika mtoto na kumpa ziwa, na mtoto ananyauka. Ndivyo inavyoaminika huku kwetu, kwa wanaokwenda kanisani na kwa wasiokwenda. Na inaaminika vilevile kwamba baba akitembea ovyo naye anaweza kumbemenda mtoto. Hilo kila mtu analijua. Lakini Elia kila wiki alikwenda mnadani Bariadi, akalala hukohuko, akarudi kesho yake ananukia sabuni isiyo ya nyumbani kwetu, na hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Niliyeulizwa ni mimi, niliyeshinda shambani na mtoto mgongoni na mwingine ameshika kanga. Huyo mwanamume wa nje ningempata saa ngapi?

Elia aliporudi kutoka shambani mama yake alimweleza kila kitu, nami nimesimama palepale na mwiko mkononi. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Ni nani?" akaniuliza.

Nikamuuliza nani nini. Akarudia vilevile, kisha akabeba mkeka wake akaenda kulala kwenye kibanda cha pamba, na huko ndiko alikolala siku zilizofuata.

Hukumu aliitoa mayu. Tungesubiri kliniki ya mwezi unaofuata. Mboje akikutwa bado yuko kwenye nyekundu, ataachishwa ziwa siku hiyohiyo, na yeye mayu ataondoka naye kwenda kumlea Kiloleli. Mimi nitarudi kwa wazazi wangu Mkula, wazee wakae wazungumze. Mtoto wa miezi kumi, hata kusimama hajajua. Nilimtazama Elia aseme neno. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, akaendelea kuchonga.

Sijui nieleze vipi mwezi ule. Nilimpikia Mboje uji wa ulezi, nikatia karanga, nikatia maziwa, nikamlisha hadi anausukuma kijiko kwa ulimi. Nikimnyonyesha, mayu alikuja kukaa mbele yangu na kunitazama, kana kwamba maziwa yatatoka na jina la mwanamume. Alimfunga uzi mweusi kiunoni na kumnywesha maji machungu ya mizizi, mtoto akaharisha, ikawa ushahidi mwingine. Winnie, mwenye miaka minne, alianza kuniuliza kama Mboje atakufa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilikuwa nikijifungia jikoni, nalia kwa hasira, nafuta uso, natoka kuchota maji.

Kisimani ndiko nilikomkuta Minza, mke wa katekista. Ni mwanamke wa sala, mpole, ambaye hata kuku wake hawaendi kwa jirani. Alikuwa anamwogesha mtoto wake pembeni, na nilipokaribia akamfunika upesi kwa kanga. Lakini nilikuwa nimeshauona. Kiunoni mwa mtoto kulikuwa na uzi mweusi kama wa Mboje.

Nikamuuliza. Alikana kwanza, halafu akaangua kilio. Mtoto wake naye alikuwa kwenye kijani, naye ameanguka hadi nyekundu, siku ileile, kwa kilo zilezile. Katekista hakusema neno baya, alimwambia tu atubu. Atubu nini, alikuwa anajiuliza, akakaa usiku na mchana anatafuta dhambi ambayo hakuwa nayo. Alikuwa amekaribia kuipata.

Kuanzia siku hiyo nilienda nyumba kwa nyumba. Hapa naomba chumvi, pale naomba moto, na nikishakaa namuuliza mama mwenye nyumba mzani ulisema nini juu ya mtoto wake. Wote walificha kwanza. Kila mmoja alikuwa ameikunja kadi yake siku ile kama mimi, ameichomeka kwenye kanga na kuondoka bila kumtazama mwenzake. Mmoja alipigwa. Mwingine alishamwachisha mtoto ziwa. Mwingine hakupigwa wala kusemwa, ila yeye mwenyewe alijishuku maziwa yake ni mabaya. Na wote watoto wao wameanguka, hakuna aliyepanda hata mmoja.

Nikakaa chini, nikacheka peke yangu, cheko lisilo la furaha. Wanawake wote wa kijiji tumetoka nje ya ndoa mwezi mmoja? Hao wanaume walitoka wapi, na walitosha?

Nikaenda kumwambia Elia kwamba kibaya ni mzani. Akaniambia mzani ule una muhuri wa serikali, ni wa kampuni, na ndio anaouzia pamba yake. Kama ni mbovu angekuwa wa kwanza kuona. Mayu akasema mwenye kosa siku zote hulaumu vitu. Nikaacha kusema. Niliona kwamba nikiongeza neno nitamrushia mtu sufuria.

Siku ya kliniki ikafika. Wanaume walikuwa wengi barazani, wamekaa juu ya magunia wakingojea watoto wamalizike ili mzani urudi kwenye pamba. Elia alikuwepo na yake. Mayu alikuja na furushi limeshafungwa, nguo za Mboje zimo ndani, tayari kwa safari ya Kiloleli. Aliliweka miguuni pake na kukaa.

Mimi nilimpitia Jenifer njiani. Jenifer alikuwa amejifungua mapacha wiki chache kabla, hospitalini Bariadi, na huko walipimwa: Kulwa na Doto, kila mmoja kilo mbili na kidogo. Walikuwa wadogo, ila sauti walikuwa nazo. Nilimwomba nesi waanze hao, na hakuna aliyepinga, maana mama wa mapacha huku kwetu hapangishwi mstari.

Nesi akamvisha Kulwa kikaptula, akamwachia. Mshale haukutikisika. Akagonga kioo kwa kidole. Mshale umelala palepale kwenye sifuri, na Kulwa ananing'inia akipiga mateke. Akamtoa, akamweka Doto. Sifuri. Nesi akasema labda mshale umekwama, akauvuta mzani kwa mkono, ukashuka na kurudi vizuri tu. Jenifer alinyoosha mikono arudishiwe watoto. Alidhani wanawe wamelogwa.

"Wapime wote wawili pamoja," nikasema.

Nesi akanitazama, kisha akamsokomeza Kulwa kando ya Doto, akawashikilia kidogo, akaachia. Mshale ukaamka, ukaenda hadi kilo mbili, ukasimama.

Nikageuka nikazungumza kuelekea kwenye magunia, si kwa nesi.

"Mmoja peke yake hana hata kilo. Wakiwa wawili wana mbili. Anayejua hesabu hiyo anieleze, kwa sababu mwanangu ananyang'anywa leo kwa ajili yake."

Aliyeinuka kwenye magunia ni mzee Shigela. Alichukua jembe lake alilokuja nalo, akaomba watoto watolewe, akalitundika kwenye ndoano. Mshale ulilala. Akaomba shoka la jirani yake, akaliongeza. Ulilala. Ndipo akasogeza uso karibu na kioo akaona kile ambacho sote tungekiona kama tungetazama: pini ndogo kwenye sifuri, mshale umekandamizwa juu yake. Mtu alikuwa ameuzungusha nyuma ya sifuri, pini ikauzuia usionekane umerudi. Kilo mbili na zaidi zililiwa kabla mshale haujaanza kazi. Kila gunia lililopandishwa pale tangu msimu uanze liliacha kilo zake kwenye ile pini.

Marcelo akasema ni vumbi. Kisha akasema ni joto. Kisha akaanza kutazama njia ya kutokea.

Sitasimulia kelele zilizofuata. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, walipuliza filimbi, wakamkalisha Marcelo juu ya gunia katikati ya baraza, na bahati yake ni kwamba kiongozi wao, Thomasi, ni mtu wa taratibu, la sivyo asingebaki na jino. Wanaume walisimama wote. Elia wangu, aliyemaliza mwezi mzima bila kuniambia hata habari za asubuhi, alipaza sauti kuliko wote. Ameibiwa, alilia. Jasho lake. Mgongo wake. Mvua yote ile aliyopalilia. Alipiga kifua, akamwita Marcelo nyoka, akalia machozi ya kweli. Nilimsikiliza. Nilingoja afike kwa Mboje. Hakufika.

Ikaamuliwa kwamba Marcelo hatatoka pale hadi kampuni yake irudishe, na kwamba kila mkulima apite mezani kwa Thomasi aseme ameuza magunia mangapi, ahesabiwe kilo zake. Wanaume wakapanga foleni. Sisi wanawake tuliambiwa tubebe watoto turudi nyumbani, kliniki imeahirishwa. Nesi Elizabeth alikusanya vitu vyake ameinamisha kichwa, akasema mwezi ujao akipata mzani mwingine atarekebisha zile nukta. Mayu akafungua furushi, akanirudishia nguo za Mboje.

"Kumbe mtoto hana shida," akasema. "Haya, twende tukapike. Wanaume watarudi na njaa."

Basi. Hiyo tu. Mwezi mzima wa kunitazama kifuani, uzi mweusi, mtoto kuharishwa, na Winnie kuulizia kifo cha ndugu yake, vyote vimekwisha, twende tukapike. Nilisimama pale na zile nguo mkononi nikajihisi nitapasuka.

Sikwenda kupika. Nilimbeba Mboje kiunoni, nikaenda kusimama kwenye foleni.

Wanaume walidhani nimechanganyikiwa. Aliyekuwa mbele yangu aliniambia Elia ameshapita mezani. Nikamwambia najua. Walicheka, wakaniacha. Foleni ilisogea, nami nikasogea, hadi nikafika mezani, na Thomasi naye akaniambia magunia ya Elia yameshahesabiwa.

"Sikuja kwa pamba," nikamwambia. "Huyu aliiba kilo za magunia yenu, na aliiba kilo za mwanangu. Kwa zile za mwanangu nimeitwa malaya ndani ya nyumba yangu. Za magunia mmeshaamua zitarudishwa. Hizi zangu nani atazirudisha?"

Thomasi alimtazama Marcelo.

"Si yeye," nikasema. "Yeye ni mwizi tu, hakuniita jina lolote. Nawataka walioniita. Waseme hapa mbele ya watu, kama walivyosema ndani ya nyumba."

Nyuma yangu nilisikia mtoto akilia. Nikageuka. Minza alikuwa amesimama, mtoto mkononi, macho chini, lakini amesimama. Nyuma yake yule aliyepigwa. Nyuma yake Jenifer na mapacha wake, ambaye hakuwa amesingiziwa lolote, ila alikuja. Na wengine walikuwa wanarudi kutoka njiani. Katekista aliyekuwa kwenye magunia akaanza kutafuta kofia yake. Hakuna aliyecheka tena.

Elia alikuja kwa haraka, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaniinamia sikioni.

"Twende nyumbani. Unanitia aibu."

Nilimtazama vizuri. Sikuwa nimemtazama kwa karibu hivyo tangu alipobeba mkeka wake.

"Aibu nimeibeba peke yangu tangu kliniki ile, Elia," nikamwambia, na sikumnong'oneza. "Leo shika upande wako."

Akatazama foleni. Akamtazama mama yake, na mama yake akatazama pembeni. Akaniachia mkono. Kisha akasema, akitazama meza, kwamba mke wake hakumbemenda mtoto, na kwamba alimsingizia.

Thomasi akamwambia arudie, wa nyuma hawakusikia.